Uso wa nitridi ya titani huamuliwa baada ya plazma kuzimwa

Utando mzuri wa nitridi ya titani hutoka kwenye chemba ya ombwe ukiwa na rangi ya dhahabu, mgumu, unaopitisha umeme, na kwa macho hauna kasoro. Lakini zile nanomita mbili tatu za juu kabisa, ambazo ndizo wengi wetu tunazihitaji, mara nyingi si nitridi ya titani tena. Ni mchanganyiko wa oksidi, oksinitridi, maji na kaboni iliyotua kutoka hewani. Ngozi hiyo ndiyo inayokutana na shaba ndani ya chipu, na mfupa kwenye kiungo bandia, na chuma kinachokatwa kwenye mashine ya kukerezea. Ndiyo pia inayokutana na kifaa chako cha kupimia, kisha wewe unaandika kwenye ripoti kwamba umepima TiN, yaani nitridi ya titani.

Makala hii inahusu namna ya kuitawala ngozi hiyo kwa mtu anayetumia magnetroni: ayoni za agoni kutoka kwenye plazma (gesi iliyochajiwa kwa umeme) zinapiga bamba la titani (nitaliita tageti), zinanyofoa atomu, na atomu hizo zinakutana na nitrojeni na kujijenga juu ya kaki ya silikoni au kipande cha chuma. Nimeichagua titani kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa zaidi ya ndugu zake wote. Mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa nitridi za zirkoni, hafni, kromi na vanadi, ila zirkoni na hafni zina uchu wa oksijeni uliozidi.

Takwimu chache za kukumbuka. TiN ina mpangilio wa fuwele kama chumvi ya mezani, na ukubwa wa seli yake ni nm 0.424. Huyeyuka karibu na 2,930 °C. Msongamano wake ni g 5.4 kwa sentimita ya ujazo. Ukinzani mahususi wa utando ulioshikana vizuri ni µΩ·cm 20 hadi 50. Utando wa fuwele moja hushuka chini ya 15. Ukipata 200 na zaidi, usianze kubishana na kifaa. Utando wako una matundu, au una oksijeni, au vyote viwili.

Maji kwanza, mtungi wa gesi baadaye

Watu wengi wakiona oksijeni kwenye utando hukimbilia kununua nitrojeni safi zaidi. Fanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Nitrojeni ya 99.999% ina uchafu usiozidi sehemu 10 kwa milioni. Ukiitumia kwa presha ya Pa (paskali) 0.1, uchafu huo ni Pa 0.000001. Sasa tazama geji yako kabla ya kufungua gesi: kama inasoma Pa 0.0001, na chemba haijaokwa, sehemu kubwa ya presha hiyo ni mvuke wa maji unaotoka kwenye kuta. Maji ya ukutani yanazidi uchafu wa mtungi mara mia.

Hesabu ya pili inatisha zaidi. Kwa presha ya takriban Pa 0.00013, molekuli zinazougonga uso kwa sekunde moja zinatosha kuufunika kwa tabaka moja zima, iwapo zote zitanasa. Utando unaokua kwa nm 30 kwa dakika hupata nm 0.5 kwa sekunde, yaani tabaka mbili na ushei za atomu. Kwa hiyo maji na titani vinafika usoni kwa kasi zinazokaribiana. Kinachotuokoa ni kwamba titani mbichi iliyotapakaa kwenye kuta nayo inayanasa maji hayo wakati plazma inawaka. Plazma ikizimwa, msaidizi huyo anachoka upesi. Hapo tutarudi.

Cha kufanya ni hiki. Oka chemba usiku kucha kwa 120 hadi 150 °C; oringi za mpira wa Viton zinavumilia joto hilo. Pasha kishikio cha kipande hadi nyuzi 50 juu ya joto utakalotumia, kiache nusu saa, ndipo ukirudishe chini. Kisha, kifuniko cha tageti kikiwa kimefungwa, washa plazma ya agoni tupu kwa dakika 5 hadi 10. Hatua hii inasafisha oksidi ya juu ya tageti na papo hapo inazipaka kuta titani mpya. Volti ya tageti itasogea mwanzoni na kutulia baadaye, na kutulia huko ndiko kunakukuambia kwamba tageti imefika kwenye chuma chake. Usiamini saa ya mkononi peke yake, kwa sababu tageti iliyokaa wiki nzima hewani inahitaji muda mrefu kuliko ya jana.

Mahali penye unyevu mwingi, kama maabara ya Pwani wakati wa masika, kila dakika ambayo mlango wa chemba uko wazi italipwa kwa muda wa pampu. Tayarisha vipande vyote kwanza, fungua, weka, funga. Chemba ikikaa bila kazi, iache kwenye ombwe, usiiache wazi.

Kutofautisha maji na tundu linalovuja ni rahisi. Funga vali ya pampu, andika presha kila sekunde 30 kwa dakika tano, chora. Tundu hupandisha presha kwa mstari ulionyooka, haulegei. Maji ya ukutani hupanda haraka mwanzoni kisha mstari unajikunja. Ukiona ulionyooka, anza kukagua pale palipoguswa mara ya mwisho: oringi ya mlango, kiungo cha bomba la nitrojeni, mpira wa maji ya kupozea tageti. Bomba la gesi husahaulika kwa sababu liko nje ya chemba, lakini hewa inayoingia humo inasafiri pamoja na nitrojeni yako hadi ndani, na jaribio la vali iliyofungwa halitaiona ikiwa ulifunga gesi kabla ya kupima. Rudia jaribio bomba likiwa wazi hadi kwenye kidhibiti mtiririko.

Nitrojeni: kupanda si sawa na kushuka

Ukiongeza nitrojeni taratibu plazma ikiwaka, mwanzoni presha haibadiliki sana, kwa kuwa titani inaila yote. Halafu ghafla, kwa nyongeza ndogo tu, presha inaruka, volti ya tageti inabadilika na kasi ya kukua kwa utando inaanguka. Uso wa tageti wenyewe umegeuka nitridi, na nitridi hunyofoka kwa shida kuliko chuma. Ukijaribu kurudi kwa kupunguza nitrojeni hadi kiwango kilekile, hairudi. Itabidi ushuke chini zaidi ndipo tageti irudie uchuma wake. Mkanganyo huu ulielezwa vizuri kwa milinganyo na Sören Berg na wenzake wa Uppsala, Sweden, mwaka 1987, na mpaka leo mfano wao ndio unaoanziwa.

Ramani ya mashine yako hutaikuta kwenye makala ya mtu mwingine, kwa sababu inategemea kasi ya pampu, ukubwa wa tageti na ukubwa wa kuta. Ichore mwenyewe. Kwa tageti ya kipenyo cha mm 76, tumia W 200 (karibu W 4.4 kwa sentimita ya mraba) na agoni ya kutosha kufikia Pa 0.5. Ongeza nitrojeni kwa sccm 0.2 (sentimita za ujazo za gesi kwa dakika, katika hali sanifu) kila mara, subiri dakika mbili, andika presha na volti. Ukishavuka mruko, shuka kwa hatua zilezile. Eneo lililo kati ya mistari miwili ndilo la hatari: ukiweka mtiririko hapo, mashine itachagua upande yenyewe, na leo si lazima ichague kama jana.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kukaa juu ya mruko, ambako tageti ni nitridi kamili. Utando unatoka na uwiano mzuri na unarudiwa kwa urahisi, lakini unakua polepole, na kukua polepole maana yake ni maji mengi zaidi kwa kila tabaka. Ya pili ni kuongeza kasi ya pampu hadi mistari miwili ikutane. Fizikia inakubali, ila pampu kubwa ni ghali. Ya tatu ni kuacha kudhibiti mtiririko na kudhibiti matokeo yake: kifaa kinasoma mwanga wa titani ndani ya plazma, au volti ya tageti, na kuifungua au kuifunga vali ya nitrojeni mara nyingi kwa sekunde. Kwa anayetaka uso safi, naona ya tatu inastahili gharama yake. Kwa anayepaka vijiko na mikanda ya saa, ya kwanza inatosha kabisa.

Rangi ni kipimo cha bure. Fedha yenye umanjano hafifu: nitrojeni haitoshi. Dhahabu iliyokolea: uwiano wa titani na nitrojeni unakaribia 1:1. Kahawia au nyekundu ya shaba: nitrojeni imezidi, au kuna oksijeni, au utando una matundu. Kuzitofautisha, punguza nitrojeni kidogo na urudie. Dhahabu ikirudi, ilikuwa nitrojeni. Ukahawia ukibaki na ukinzani ukabaki juu, rudi kwenye maji na tundu. Mwenye spektrofotometa atazame ni wapi utando unaacha kuakisi: kwa TiN yenye uwiano sawa, mpaka kati ya tabia ya chuma na tabia ya kioo uko karibu na eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) 2.6, kwenye bluu, na nitrojeni ikipungua mpaka huo husogea kuelekea nishati za juu.

Nguzo na nafasi zilizo kati yake

Uso si ile ngozi ya juu tu. Utando uliojengwa kwa nguzo zilizoachana una uso mwingine mkubwa ndani, kwenye kuta za nguzo, na oksijeni hushuka humo hadi chini. Hapo hata ukijitahidi namna gani na ngozi ya juu, umeshindwa.

Watafiti Movchan na Demchishin mwaka 1969, kisha Thornton mwaka 1974, walionyesha kwamba sura ya utando hufuata uwiano wa joto la kipande kwa joto la kuyeyuka, yote kwa kelvini. Thornton akaongeza presha ya agoni. Kwa TiN katika 300 °C uwiano huo ni 0.18 tu. Ni mdogo. Atomu zikitua zinakaa palepale zilipoangukia, vilima vinazuia mabonde kupata chakula, na nguzo zinaachana. Kupandisha joto hadi 800 °C kungesaidia, lakini chuma cha kukatia cha HSS (chuma cha zana za kasi) kingelegea. Kumbuka kwamba njia ya zamani ya kupaka TiN kwa mvuke wa kemikali ilihitaji karibu 1,000 °C, na magnetroni na tao la umeme ziliingia kwenye soko la zana kwa sababu zinafanya kazi chini ya 500 °C.

Kwa hiyo badala ya joto tunatumia ayoni. Volti hasi kwenye kipande huzivuta ayoni za plazma zikagonga utando unaokua, zikazisogeza atomu kuziba mapengo. Swali ni: ayoni chache zenye nguvu au nyingi zenye nguvu kidogo? Wajenzi wa Pwani waliopiga dari za chokaa walilijua jibu, kwani walitumia vibao vyepesi na mikono mingi hadi chokaa ikashikana. Nyundo nzito ingelipasua. Kwa TiN hali ni hiyohiyo. Kazi za watafiti Petrov, Hultman, Greene na Sundgren zilionyesha kwamba ayoni za takriban eV 20 zikiwa nyingi kwa kila atomu ya titani inayotua hutoa utando ulioshikana, wenye fuwele zilizoelekea upande mmoja (mwelekeo uitwao 001), bila mkazo mkubwa. Ayoni chache za eV 100 na zaidi hushikanisha pia, lakini zinafukia agoni ndani na kujaza mkazo wa gigapaskali kadhaa, kisha siku moja utando unainuka wenyewe kwa mikunjo inayopindapinda kama nyoka.

Kuongeza idadi ya ayoni bila kuongeza nguvu yake kunatokana na sumaku. Magnetroni isiyosawazishwa, iliyoelezwa na Window na Savvides mwaka 1986, huruhusu sehemu ya plazma kutoka tagetini na kufika kwenye kipande. Koili inayozunguka kipande inaweza kuongeza zaidi. Mwenye magnetroni ya kawaida aanze na volti −60 hadi −80 na kusogeza kipande karibu, sentimita 6 hadi 8. Mbinu ya HiPIMS, iliyotangazwa na Kouznetsov na wenzake wa Linköping, Sweden, mwaka 1999, inaigeuza titani yenyewe kuwa ayoni kwa mapigo mafupi ya nguvu kubwa; inafaa sana kwa vipande vyenye pembe na mashimo, ila kasi yake ni ndogo.

Presha nayo ina kauli. Katika Pa 0.5 atomu husafiri kama sentimita 1.3 kabla ya kugongana; katika Pa 2 ni milimita tatu tu. Kwa umbali wa sm 8, tofauti hiyo inaamua kama titani itafika ikiwa bado na kasi, au itafika imechoka na kutoka kila upande. Baki kati ya Pa 0.3 na 0.6, isipokuwa plazma inakataa kuwaka. Ikikataa, iwashe kwa Pa 2 kifuniko kikiwa kimefungwa kisha ushuke.

Onyo kwa wanaopaka kioo au seramiki: volti ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu) haifiki usoni mwa kitu kisichopitisha umeme. Geji itasoma −80 na utando hautajua. Tumia RF (umeme wa masafa ya redio) au mapigo, au subiri tabaka la kwanza lipitishe umeme na liguse kishikio cha chuma.

Kipimo cha nguzo hakihitaji hadubini ya elektroni. Pima ukinzani kwa sindano nne saa moja baada ya kutoa, kesho yake, na wiki inayofuata. Utando wa nm 200 wenye µΩ·cm 50 utasoma Ω 2.5 kwa mraba. Ikibaki 2.5, nguzo zimefungana. Ikipanda kwa asilimia kadhaa na kuendelea kupanda, oksijeni inashuka kati yake, na hakuna usafishaji wa juu utakaoizuia. Rudi kwenye volti na presha.

Dakika ambazo hakuna anayeziandika

Sasa tuseme umefanya yote vizuri. Utando umeshikana, rangi ni dhahabu, plazma imezimwa, kipande kiko 400 °C. Nini kinafuata? Kwenye makala nyingi za kitaalamu, hakifuati kitu. Aya inaishia kwenye unene. Grzegorz Greczynski na Lars Hultman wa Chuo Kikuu cha Linköping walilishika jambo hili mwaka 2016: walitengeneza TiN kwa masharti yaleyale na kubadilisha tu joto la kipande wakati hewa inaingizwa chembani, kuanzia karibu na joto la chumba hadi 430 °C. Muundo na unene wa ngozi ya juu ulibadilika kiasi cha wao kusema kwamba joto hilo linapaswa kuandikwa kwenye kila ripoti. Naungana nao. Maabara mbili zinaweza kutumia volti ileile na gesi ileile zikapata nyuso mbili tofauti, kwa sababu fundi mmoja alisubiri na mwingine alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Sababu yake si fumbo. Kwenye joto la chumba, oksijeni na maji hukaa juu na kuingia kidogo, na ngozi inakuwa nyembamba yenye oksinitridi nyingi. Kwenye nyuzi mia nne, oksijeni ina nguvu ya kumfukuza nitrojeni na kuendelea kushuka, na ngozi inaelekea kuwa TiO₂. Ngozi hizo mbili hazilowi maji sawasawa, hazipitishi umeme sawasawa, na tabaka litakalowekwa juu halitashika sawasawa.

Mpangilio wa kuzima, basi, ni sehemu ya mapishi. Funga kifuniko cha tageti kwanza, plazma ikiwa bado inawaka na nitrojeni ikiwa bado inaingia. Ukianza kwa kufunga nitrojeni, tageti itaendelea sekunde kadhaa kutoa titani inayozidi kukosa nitrojeni, na tabaka la mwisho la utando litakuwa karibu chuma tupu, ambacho ndicho kinachooksidika upesi kuliko vyote. Kosa hili ni la kawaida kwenye mashine zinazoendeshwa na programu, kwa kuwa aliyeandika programu alipanga gesi zizimwe zote kwa pamoja na umeme ufuate. Baada ya kifuniko, zima volti ya kipande, zima umeme wa tageti, zima hita, mwisho funga gesi na uifungue pampu yote.

Kisha subiri. Kwenye ombwe kipande hupoa hasa kwa mnururisho, na mnururisho hufuata nguvu ya nne ya joto. Kipande kilicho 100 °C kinapoteza joto kwa takriban sehemu moja ya 16 ya kasi kilichokuwa nayo kwenye 400 °C. Ndiyo maana kushuka kutoka 400 hadi 200 kunaonekana kwenda vizuri, halafu nyuzi mia za mwisho zinakula mchana mzima. Usikate tamaa kwenye 200. Lengo langu ni chini ya 60 °C, na hata hapo nasema joto la kipande chenyewe. Kipimajoto cha mashine nyingi kimefungwa kwenye hita, na hita na kipande vinaweza kutofautiana kwa makumi ya nyuzi. Funga waya wa kipimajoto kwenye kaki ya majaribio mara moja, tengeneza jedwali la muda na joto, libandike ukutani.

Wapo wanaoharakisha kwa kujaza chemba nitrojeni ya Pa 1,000 ili ibebe joto. Hesabu tena: sehemu 10 kwa milioni za Pa 1,000 ni Pa 0.01 ya uchafu, mara mia ya ombwe uliloanzia, tena juu ya utando wa moto. Ukilazimika, fanya hivyo chini ya 150 °C. Vilevile jihadhari na chumba kidogo cha kupitishia vipande. Kipande cha moto kinavutwa humo, dakika tano baadaye hewa inaingizwa, na kila mtu anaamini ombwe limeheshimiwa.

Kuna sehemu moja huwezi kuishinda kwa subira. Wakati kipande kinapoa, titani ya ukutani imeshiba na maji yaliyobaki yanatua juu ya utando safi. Kwa Pa 0.0001, tabaka la kwanza limefunikwa kabla hujaandika kitu kwenye daftari. Dawa pekee ni kuufunika utando mwenyewe. Kikundi cha Linköping kilionyesha mwaka 2015 kwamba tabaka la alumini la nm 1.5 hivi, likiwekwa palepale ombweni, linajitolea kuoksidika badala ya TiN, na bado ni jembamba vya kutosha kupitisha elektroni za kipimo cha XPS tutakachokiona hapa chini. Weka alumini kipande kikiwa kimepoa; kikiwa cha moto, alumini itakusanyika vijivilima na kuacha wazi katikati.

Na ukitaka oksidi? Kwa vipandikizi vya mwilini na vihisi vingi, ngozi ya oksidi ni faida. Itengeneze kwa makusudi basi: poza, ingiza oksijeni kavu kwa presha unayoijua, pandisha joto hadi unalolijua, hesabu muda. Usiiachie hewa ya chumba ambayo unyevu wake unabadilika kila siku.

Kupima bila kuharibu

XPS, kipimo cha elektroni zinazong'olewa na eksirei, ndicho kinachoiona ngozi hii. Kwenye mstari wa titani uitwao 2p, nitridi iko karibu na eV 455.0, TiO₂ karibu na 458.5, na oksinitridi inajaza kati yake. Sasa mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kusafisha kwa agoni ndani ya kifaa. Ayoni hizo huondoa oksidi, kweli, lakini hung'oa nitrojeni kwa urahisi kuliko titani, na kusukuma oksijeni ya juu iingie chini. Unachopima baadaye ni uso ulioutengeneza wewe. Kama lazima usafishe, tumia eV 500 au chini, kwa pembe ya kulala karibu na uso, na useme hivyo kwenye ripoti. Usitoe uwiano wa N kwa Ti wenye tarakimu tatu kutoka kwenye uso kama huo.

Mtego wa pili ni kupanga mizani ya nishati kwa kaboni ya hewani, kuiweka 284.8 na kuendelea kwa amani. Greczynski na Hultman walionyesha kwamba mstari wa kaboni hiyo huhama kwa zaidi ya eV 2 kutegemea kazi ya kutoa elektroni ya uso ulio chini yake. TiN inapitisha umeme. Tumia ukingo wa Fermi wa utando wenyewe (kikomo cha juu cha nishati ya elektroni ndani ya chuma) kuwa sifuri.

Pembe ya tone la maji ni kipimo cha bei nafuu na cha kudanganya. Uso mbichi hulowa vizuri. Kaboni ikishatua, tone linasimama. Kipande kimoja kitatoa majibu tofauti leo na Ijumaa ijayo bila utando kubadilika. Pima kwa muda uleule baada ya kutoa, kwa ujazo uleule wa tone, µL 2 au 3, na uandike muda huo. UV yenye ozoni itaondoa kaboni na kurudisha pembe ndogo, ila inaongeza oksidi. Inafaa kwa gundi, haifai kabla ya XPS.

Darubini ya AFM, inayopapasa uso kwa ncha ya sindano, isome maeneo mawili ya mraba, lenye upande wa µm 1 na lenye upande wa µm 10. Kwa utando wa makumi ya nanomita juu ya silikoni, wastani wa vilima ulio chini ya nm 1 unawezekana. Wanaotumia tao la umeme badala ya magnetroni watakutana na matone ya titani yenye ukubwa wa mikromita. Hayo hayaondolewi na volti wala joto, bali kwa kichujio cha sumaku kati ya tao na kipande, au kwa kung'arisha baadaye.

Limebaki sanduku. Vipande vingi vilivyotengenezwa kwa uangalifu huharibikia kwenye kisanduku cha plastiki chenye jeli ya kushikia. Jeli hiyo ni silikoni ya mpira, na molekuli zake hutambaa na kuruka hadi usoni. Ukiona kwenye XPS mstari wa silikoni karibu na eV 102 juu ya kipande cha chuma ambacho hakina silikoni popote, usitafute kwenye chemba. Hifadhi kwenye kisahani cha kioo kilichooshwa na kuokwa, chini ya nitrojeni kavu, na kipande kisimame kwa kingo zake, uso usiguse kitu. Karatasi ya alumini ya jikoni inafaa kufungia, mradi uioke kwanza ili mafuta ya kiwandani yatoke.